Mfuko wa Shati kwenye Upande wa Pili

Jumanne, saa kumi kasorobo alasiri, Mama Vifungo alikuwa akigeuza kola ya shati la karani wa posta wakati mjukuu wake alipoingia na gramafoni iliyofungwa kwa shuka. Kola ilikuwa imechakaa upande wa nje tu, na kola ukiigeuza shati linakwenda miaka mingine miwili. Mjukuu akaitua gramafoni kwenye meza ya kukatia nguo, akasogeza mkasi na chaki, akatoa shikamoo huku bado anahema.

"Marahaba. Hapo pana kitambaa cha mtu."

"Nimekiona, Bibi. Nimefuata ile santuri ya Babu."

Mama Vifungo hakuuliza ipi. Marehemu mumewe alirekodi santuri kumi na moja, lakini watu wakisema santuri ya Gwiji wanakusudia moja tu, *Umepita Hapa*, nyimbo nane, nne huku na nne huku, zote za kumsifu mwanamke mmoja. Gwiji ndilo jina walilompa kwa ajili ya santuri hiyo, na hata kwenye kaburi waliliandika hilo kwa herufi kubwa, lile la kuzaliwa likafuata chini kwa ndogo.

Mjukuu alikuwa mtangazaji wa redio. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa na kipindi kiitwacho *Sikio la Leo*. Alichukua santuri ya zamani ambayo kila mtu ameshakubali kwamba ni bora, akaisikiliza kana kwamba imetoka jana, kisha akasema lililo moyoni mwake na kuipa alama juu ya kumi. Mwezi uliopita alimpa mpiga tarumbeta mmoja wa kuheshimika alama tano, na mtu mzima akapiga simu studio akilia.

"Na ya babu yako utaipa ngapi?"

"Sijui mpaka niisikilize. Kule redioni haiwezekani. Kila anayepita mlangoni anasema, aa, hiyo dhahabu, hiyo usiiguse."

"Iguse," alisema Mama Vifungo.

Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa akiionea wivu santuri hii. Wivu wake haukuwa wa makelele. Ulikuwa kama pini iliyosahauliwa kwenye mshono. Siku nyingi huisikii, halafu siku moja unakaa vibaya. Miaka ya mwanzo watu walimuuliza, "Yule wa kwenye nyimbo ni wewe?" naye akajibu, "Ni mimi, nani mwingine?" Lakini wimbo wa pili ulisifu shingo ndefu, na yeye shingo yake ilitosha kubeba kichwa, basi. Wimbo wa nne ulisifu kiuno cha kuzungushiwa viganja viwili vikakutana. Watu wakasikiliza, wakamtazama, wakaacha kuuliza.

Mwenyewe alimuuliza mumewe mara moja. "Ni sanaa, mke wangu," mumewe akasema, akageukia ukutani. Ndipo Mama Vifungo akaanza kuwashuku watu. Alimshuku muuguzi wa zahanati. Alimshuku muuza tiketi wa ukumbi wa dansi. Alimshonea mke wa mpiga besi sketi yenye kubana makusudi, mwanamke wa watu akakaa harusi nzima wima kama mlingoti.

Upande wa pili wa santuri hakuwahi kuusikiliza. Kile kiuno kilipokwisha aliinua sindano au alitoka nje, na kila ulipopigwa kwa jirani alikanyaga cherehani kwa nguvu ili mlio wake uufunike.

Jumanne hiyo mjukuu aliiweka santuri, akafungua daftari. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa manukato, na kabla haujafika katikati harufu iliingia kupitia mlango wa jikoni, ikakaa. Mjukuu akaandika: *gita safi sana*. Kwenye wimbo wa pili shingo ilikuja kusimama karibu na kioo cha kupimia, kwenye kimo cha shingo ya mwanamke mrefu. Mjukuu akaondoa mkoba wake njiani, akaandika: *shingo imetajwa mara kumi na nne, inachosha*. Wimbo wa tatu ulikuwa wa mwendo. Viatu vyeupe vya kisigino vikasikika barazani, vikaingia vikiwa na nyayo ndani yake, vikajipanga chini ya shingo.

"Futa miguu," alisema Mama Vifungo. "Nimepiga deki sasa hivi."

Miguu ikarudi kwenye mkeka wa mlangoni, ikajifuta, ikaja tena. Kisha kiuno kikafika, kama kilivyosifiwa. Mama Vifungo akakikadiria kwa macho kama anavyokadiria kitambaa. Inchi ishirini na mbili. Akaenda jikoni kuchemsha chai, akafungulia bomba kwa nguvu mpaka upande wa pili ulipokwisha.

Aliporudi na vikombe, mwanamke alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, amekamilika. Wimbo wa tano ulikuwa umeleta macho, wa sita nywele na masikio yenye herini, wa saba midomo, na wa nane mgongo unaoondoka, ndani ya gauni la bluu lenye vifungo thelathini na kimoja nyuma. Vifungo vyote vilikuwa wazi, kwa sababu ndivyo wimbo ulivyosema. Mama Vifungo aliona pia kwamba matundu yake yameshonwa ovyo.

"Karibu chai," alisema.

"Asante, Mama. Siwezi kushika."

Ilikuwa kweli. Mikono yake iliishia pale mikono ya gauni ilipoishia, juu kidogo ya kifundo. Hapakuwa na jeraha wala kovu. Viganja havikutajwa tu, kwa hiyo havikuwepo. Tumbo nalo hakuwa nalo, na aliposema hana njaa alikuwa anasema ukweli.

"Na usiniite mama," alisema Mama Vifungo. "Mimi na wewe rika moja. Ukihesabu vizuri, wewe ndiye umenipita."

Mwanamke hakuonekana kupita miaka ishirini na sita. Akacheka. Kicheko kilikuwa cha wimbo wa saba, na Mama Vifungo akakubali kimoyomoyo kwamba ni kizuri, na hilo likamuuma kuliko kiuno.

Mjukuu alifunga gramafoni. "Maneno yamezeeka, Bibi," alisema. "Leo hii mtu akiniimbia hivi nitamwuliza kama ananiuza kwa kilo. Nitaifuata gramafoni Alhamisi." Akawaaga wote wawili, akaenda kazini. Mwanamke alibaki. Kitasa cha mlango kilikuwa cha kuzungusha, naye hakuwa na cha kukizungushia.

Asubuhi ya Jumatano jirani wa ukuta mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kuulizia suruali yake. Huyu alikuwa mpenzi wa santuri ile hata mbwa wake alimwita kwa jina la wimbo wa sita. Akamwona mwanamke kwenye kiti, akavua kofia.

"Aa, ndiye huyu. Nilidhani ni mrefu zaidi."

"Viatu kavua," alisema Mama Vifungo.

"Una bahati wewe. Nyumba yako imepata mgeni wa maana."

"Suruali yako bado, Mwalimu. Njoo kesho."

Alipotoka, Mama Vifungo akaburuta kiti chake mpaka mbele ya mgeni. Alikuwa amelitunza swali hili tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Sasa niambie. Wewe ni nani?"

"Mimi ni yule wa kwenye nyimbo."

"Hilo naliona, sijapofuka. Nauliza ulikuwa mke wa nani, ulikaa wapi. Ni yule muuguzi?"

"Shingo ndiyo ya muuguzi," alisema mwanamke. "Alikuwa anainama kuandika vyeti. Mwendo ni wa mke wa mpiga besi."

"Nilijua! Nilijua mimi!"

"Midomo ni ya muuza tiketi. Nywele aliziona kwenye kalenda ya kinyozi. Macho sijui, nadhani aliyakuta njiani."

Mama Vifungo alikuwa amejiandaa na mwanamke mmoja kwa miaka arobaini na mitatu, na maneno ya kumwambia alikuwa ameyapanga kama nguo kabatini. Watatu na kalenda hakuwa na maneno yao.

"Na changu?" aliuliza mwishowe. "Hata kidogo. Hata ukucha."

Mwanamke alijitazama kuanzia nyayo mpaka mabega, taratibu, kwa uaminifu, kama mtu anayejipapasa kutafuta ufunguo.

"Hakuna," alisema.

Mama Vifungo akarudi kwenye cherehani yake. Alikuwa na shati la mteja la kumalizia, na mteja hajui mambo ya watu. Akaweka mfuko kifuani pa shati, akaushika kwa pini, akaanza kuushona. Nyuma yake yule mwanamke alisimama ghafla hata kiti kikaanguka.

"Huo," alisema. "Huo ndio mdundo."

"Mdundo gani?"

"Wa wimbo wa tano. Mrefu, mfupi, mfupi, mrefu, halafu kimya. Ukipigwa huwa nahisi kama nina viganja. Ukiisha vinaondoka."

Mama Vifungo akanyanyuka, akaiweka santuri upande wa pili mwenyewe, akasimama palepale bila kutoka nje.

Gita liliingia, na nyuma ya gita akaisikia cherehani yake. Aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mwanawe kwenye umati. Mfuko wa shati la shule una ncha chini. Unateremka upande mmoja, unasimama, unageuza kitambaa. Unashona fupi mpaka kwenye ncha, unasimama. Fupi tena, unasimama. Halafu unapanda upande wa pili mpaka juu, unainua kiguu cha cherehani, unakata uzi. Unachukua shati linalofuata.

Siku ile aliikumbuka vizuri. Gari la kurekodia lilikuja nyumbani kwa sababu paa la ukumbi lilikuwa linavuja. Wanamuziki walikaa sebuleni. Yeye alikuwa chumba cha pili na mashati arobaini na mawili ya shule yaliyotakiwa kesho yake, na mume alimwambia afunge mlango. Mpiga ngoma hakutokea. Alikuwa kwenye harusi ya shemeji yake, ikaendelea. Lakini jalada lilikuwa limeshachapwa tangu wiki iliyotangulia, na jina la mpiga ngoma lilikuwa juu yake, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo mpiga ngoma ndiye aliyesifiwa. Kwenye chuo cha muziki wanafunzi walifanyishwa mtihani wa vile vituo vyake vya kimya. Kitabu kimoja kiliviita ukimya wa mtu aliyekomaa.

"Nilikuwa nageuza kitambaa," alisema Mama Vifungo.

Karibu na mwisho wa wimbo mdundo ulikatika ghafla, ukarudi baada ya kitambo. Mahali hapo palikuwa maarufu kuliko pote. Mwalimu mstaafu alizoea kuinua kidole hewani na kufumba macho kila wakipafikia.

"Hapo uzi ulikatika," alisema Mama Vifungo. "Shati la ishirini na saba. Uzi ulikuwa mbovu, nilimgombeza muuzaji."

Alhamisi mjukuu alisikia habari yote akiwa amesimama, hata mkoba hakuutua. Kisha akataka kuhakikisha, maana kazi yake ilikuwa kusikia. Mama Vifungo alikaa na shati, mjukuu akaweka sindano, na vyote viwili vikaanza pamoja. Mfuko kwa mfuko vilikwenda bila kupishana. Walipofika pale maarufu uzi wa Mama Vifungo ulikatika wenyewe, mzima na mpya, na muda alioutumia kuupitisha tena kwenye tundu ulilingana na muda wa santuri. Mwanamke alisimama katikati ya chumba, ameinua mikono yake mifupi mbele, na kwa dakika nne hivi alionekana mtu anayeshika kitu.

"Bibi, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa sijausikia. Niliona wivu, nikawa natoka nje."

Mjukuu akakaa kwenye mkono wa kiti. "Jumamosi naisema."

"Iseme. Alama ipe unazotaka, ipe sifuri, ipe mia. Mimi nataka kimoja tu. Sema ule ni mfuko wangu."

"Nitasema, Bibi."

"Kwa sauti ya kusikika. Usiseme ukimung'unya kama unavyosomaga matangazo ya vifo."

Siku mbili zile Mama Vifungo alishona akiimba, jambo ambalo hakulifanya tangu aolewe. Alimfunga mgeni vifungo vyake asubuhi, akamfungua jioni, akamchana zile nywele za kwenye kalenda. Wivu ulikuwepo bado, ila sasa ulikuwa na mahali pa kukaa. Alijikuta akimwambia, "Wewe una kiuno, mimi nina wimbo mzima," na mwanamke akajibu, "Ndiyo," bila kinyongo, kwa sababu kinyongo nacho hakikutajwa.

Jumamosi saa nne walikaa watatu mbele ya redio, yeye, mgeni na mwalimu mstaafu aliyekuja na kiti chake. Mjukuu alisema kama alivyoahidi, kwa sauti ya kusikika. Alisema gita bado linang'aa. Alisema maneno yamechoka, kwamba mwanamke wa nyimbo hizi amesifiwa vipande vipande kama nyama buchani, na hata viganja hakupewa. Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Kisha mjukuu akasema kwamba kitu bora kuliko vyote kwenye santuri hii, kile kinachoibeba mpaka leo, ni mdundo wa wimbo wa tano, na mdundo huo si wa mpiga ngoma aliyeandikwa. Ni wa fundi cherehani aliyekuwa chumba cha pili akishona mifuko ya mashati ya shule. "Ni bibi yangu," alisema. "Yeye ndiye aliyeupiga."

Mama Vifungo akaivuta kanga mabegani, akakaa vizuri.

Simu zikafunguliwa. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. "Mnaona sasa ukubwa wa Gwiji?" alisema. "Mwanamume wa kawaida angemwambia mkewe anyamaze. Yeye akasikia muziki!" Wa pili alikuwa mwalimu wa kwaya, akasema kwamba huo ndio ugwiji wenyewe, kuchukua kelele za nyumbani na kuzigeuza sanaa. Wa tatu hakuweza kuzungumza, alilia tu, wakamkatia simu kwa upole.

"Samahanini," ilisikika sauti ya mjukuu. "Hakuchukua chochote. Alimwambia afunge mlango."

"Akajua kabisa sauti itapenya," alisema mkuu wa vipindi, aliyekuwa ameingia studio kwa furaha. "Sikio gani hilo! Mimi nasema leo tuvunje desturi, tutoe kumi juu ya kumi."

"Mdundo ni wa Bibi."

"Ndiyo, ndiyo. Na Bibi huko aliko tunampa hongera, kwa kuishi na mtu wa namna ile."

Mwalimu mstaafu alitikisa kichwa taratibu. "Kweli," alisema, "alikuwa na sikio." Akachukua kiti chake na suruali yake, akaenda zake.

Mjukuu alifika mchana, macho mekundu. Alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Bibi, nilisema."

"Nilikusikia. Ulisema vizuri. Ingia ule."

Baada ya miezi mitatu santuri ilitolewa upya, na familia ikaletewa nakala mbili. Mjukuu aliandika barua nne kuhusu jalada, na jalada kweli lilirekebishwa. Jina la mpiga ngoma liliachwa mahali pake, kwa heshima, na chini yake pakaongezwa mstari: *Gita, sauti na cherehani: Gwiji*. Mama Vifungo aliusoma mstari huo pole pole, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa kwenye madarasa machache aliyopitia. Nakala moja alimpa mwalimu mstaafu. Ya pili alilikunja jalada lake, akaliweka chini ya mguu wa cherehani uliokuwa mfupi, na cherehani ikaacha kuyumba.

Mgeni hakuondoka. Siku moja Mama Vifungo alimfungulia mlango, akaushikilia wazi kwa kiti, akasema, "Haya, kama una kwako." Mwanamke alitazama barabara kwa yale macho ya njiani, akafikiri.

"Hakunitungia nyumba," alisema.

"Basi ingia, inzi wanaingia."

Wateja walimzoea. Walimpa shikamoo au mambo, kulingana na umri waliomkadiria. Mama Vifungo alipofika kwenye mfuko wa shati, mwanamke aliacha alilokuwa akifanya, akasogea karibu, akainua mikono yake, akakaa hivyo mpaka uzi ukatwe. Halafu akaishusha.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, alikuja kusimama mbele ya kioo cha kupimia na kugeuza mgongo. Mama Vifungo alianza chini, kifungo kimoja kimoja, thelathini na kimoja. Matundu alikuwa ameshayashona upya, hakuweza kuvumilia kuyaona vile. Vidole vyake vilikuwa vigumu siku za baridi, lakini vilijua njia. Alipofika juu alisimama kidogo, akaitazama ile shingo. Ilikuwa nzuri, lazima kusema kweli. Kifungo cha mwisho alikikaza kidogo kuliko ilivyohitajika.